Dopamini na Jiko la Wali

Jamani, leo maabara nzima hapa Guangzhou imekula wali mbichi kwa sababu yangu!

Mnajua napima dopamini, ile kemikali ya ubongo, inayotoka kwenye ncha za neva, kwenye kipande cha ubongo wa panya.
Kila adhuhuri mstari kwenye skrini unaruka, nashangilia, kumbe ni jiko la umeme la wali, chumba cha pili, linavuruga kipimo!

Leo ukaruka tena. Nikakimbia na hasira zangu, nikachomoa jiko.
"Na chakula chetu?" akauliza profesa, ambaye hataniwi kwa chakula.

Narudi kwenye skrini, mstari bado unaruka!
Ni dopamini kweli!

Profesa akaniambia nipime tena. Ikawa vilevile.
Akaketi, akatafuna wali kama kokoto.

Halafu akaomba aongezewe.

Hongera zangu ziko wapi?