Kitanda cha Marehemu Kilikutwa na Joto

Mama mmoja alinishika mkono mlangoni kwake, akaniomba kitu ambacho sijawahi kuombwa na mtu.

"Nakuomba daktari, ukimkuta marehemu binti yangu humu ndani, usimfukuze."

Jamani!

Kwanza, mimi si daktari. Ni mtafiti wa saikolojia. Natembelea familia, nakaa na vijana na wazazi wao, nawasikiliza wanavyoishi. Mambo ya mizimu sikuajiriwa nayo.

"Kwani anakuja?" nikauliza.

"Mchana, nikiwa jikoni." Akatabasamu, uso wote ukachangamka. "Mwaka wa pili huu tangu tumzike. Nikipita chumbani nakuta kitanda chake kina joto. Marashi yake yananukia. Juzi nimemsikia anaimba."

"Na mdogo wake anaendeleaje?"

"Nani, Kadogo? Aah, huyo hana neno. Hata husikii kama yupo."

Kadogo mwenyewe, binti wa miaka kumi na sita, alikuwa amesimama nyuma yake na glasi yangu ya maji. Mama hakugeuka.

Nikajikaza kisabuni, nikaingia.

Sebuleni kulikuwa na picha kubwa ya marehemu, msichana mrefu ndani ya gauni la njano. Baba alinisalimia, akarudi kuangalia viatu vyake. Mama akaenda jikoni kuweka chai.

Sijamaliza hata yale maji, nikasikia mtu anaimba chumbani. Sauti nyembamba, ya taratibu.

Nywele zikanisimama!

Mama akachungulia kutoka jikoni, machozi yanamlengalenga kwa furaha. "Umemsikia? Ndiye huyo!"

Nilitamani kukimbia, sikufichi. Ila miguu ikanipeleka kule kule. Nikasukuma mlango.

Kitandani alikaa msichana, amenipa mgongo. Gauni la njano.

Akageuka.

Alikuwa Kadogo.

"Usimwambie mama," akanong'ona. "Nakuomba."

Nikafunga mlango, nikakaa karibu yake. "Kwa nini unafanya hivi?"

"Siku moja nilijaribu gauni lake tu. Mama akasikia hatua, akacheka peke yake. Tangu msiba sikuwa nimemwona akicheka. Nikimpelekea chakula mimi, hali. Dada akija, anakula."

"Na wewe Kadogo, unabaki wapi?"

Akainua mabega. "Naona bora nimwachie dada nafasi kabisa. Mimi nipotee tu."

Siri za vijana tunazitunza, ndiyo kazi yetu. Lakini neno kama hilo halitunzwi, na kijana mwenyewe unamwambia hivyo usoni. Nikamuuliza bila kuzunguka kama anafikiria kufa.

Akaitikia kwa kichwa.

"Asante kwa kuniambia. Hili siwezi kulificha. Tutawaambia wazazi pamoja, na sikuachi peke yako. Badilisha nguo, uje."

Niliacha mlango wazi, nikasimama pale pale nikimwona. Sebuleni mama alikuwa ameshaweka chai. Kuna zoezi tunafanya na familia, la kupanga viti kufuatana na watu wa nyumba. Nikamwomba mama apange, ili tukae wote tuzungumze.

Akavuta kiti cha baba. Akavuta chake. Cha tatu akakisogeza ubavuni pake, akakifuta vumbi kwa kiganja.

"Hiki cha dada mtu." Akakaa. "Tayari."

"Wote?"

"Wote."

Baba akafumba macho.

Kadogo akatoka chumbani. Hakubadilisha nguo. Mama alipoona lile gauni akaruka juu, mikono wazi. "Mwanangu! Umerudi!"

Halafu akaona uso.

"Ni mimi, mama," Kadogo akasema. "Nikae wapi?"

Mama akaangalia viti. Akaviangalia tena. Akashika meza, akalia kilio ambacho nadhani alikibana tangu makaburini.

"Kadogo wangu! Nimekusahau huku nakuona!"

Hakumkalisha kwenye kile cha marehemu. Alimkalisha kwenye kiti chake mwenyewe, yeye akakaa chini, kichwa kwenye mapaja ya bintiye. Nikawaeleza yote. Siku ile ile tukampeleka hospitali kwa mtaalamu wa afya ya akili, baba ameshika mkono mmoja na mama mwingine.

Kadogo yupo. Bado anatibiwa, na siku hizi akinipigia anapayuka mpaka nasogeza simu mbali na sikio.

Watu huniuliza kama mle ndani kulikuwa na mzimu. Nawaambia ndiyo, nilimwona kwa macho yangu. Alikuwa hai, ana miaka kumi na sita, na alikuwa ameniletea maji.

Wewe unayesoma, kama nyumbani una mtoto unayemsifia kwamba hana neno, weka simu chini. Nenda ukamwite kwa jina lake, umuulize anaendeleaje, na usiondoke mpaka ajibu.