Siku Shehe Alipopewa Kiti cha Mbele

Kaa hapa karibu, wewe unayeanza ualimu, nikusimulie tulivyosomesha ujenzi wa maneno, miaka ya hamsini ikielekea mwisho, nilipopangiwa skuli moja ya Kiuyu, Pemba.

Siku ya kwanza Mwalimu Mkuu aliniambia nisianze na kanuni, nianze na kazi waijuayo watoto. Nikaanza na karafuu. Chuma, chumia, chumisha: kile kipande kinachoingia baina ya mzizi na irabu ya mwisho tulikiita kiambishi kati. Chumachuma ni uradidi, yaani neno kurudiwa, na maana hugeuka: mtu anachuma huku na huku, mti haumalizi. Kiarabu nacho kina njia yake. Jama'a, kukusanya, huingizwa herufi te ndani ya mzizi wenyewe, ikawa ijtama'a, kukusanyika. Hilo nilifunzwa na Shehe wa pale kijijini.

Ikaja siku ya Mkaguzi kutoka Wete. Nilikuwa bado kwenye majaribio. Somo likiharibika, narudi kwetu Gombani sina kazi. Mwalimu Mkuu, kwa heshima, akamwalika na Shehe, aliyewasomesha Kurani watoto wote wale chuoni kwake, akampa kiti mbele ya darasa.

Nikauliza tofauti ya kupiga na kupigapiga. Watoto wakainamisha vichwa. Nikauliza tena, vichwa vikazidi kuinama. Mkaguzi akafunga kalamu yake.

Jibu walikuwa nalo. Ila mbele ya mwalimu wa chuoni mtoto hasemi mpaka aruhusiwe. Nikamwendea Shehe, nikamwinamia, nikamwomba awape idhini.

“Kumbe wananingoja mimi?” akasema. “Haya, semeni. Leo mimi mgeni tu.”

Akasimama Time, binti mdogo kuliko wote. “Kupiga ni fimbo moja, Mwalimu. Kupigapiga ndiko kwa chuoni.”

Shehe ndiye aliyeanza kucheka, mabega yakimtikisika. Akamgeukia Mkaguzi: “Wallahi kajibu.” Mikono ikajaa hewani, na Mkaguzi akaifungua tena kalamu yake. Nikathibitishwa kazini.

Nimesomesha Wete, nimesomesha Chake, mpaka nikastaafu, na nashukuru sana. Watoto wa Pemba hawakuwa wazito wa kujibu. Walikuwa na adabu yao, nasi tuliipitia mlangoni, kwa kuomba idhini.

Basi siku mgeni akija darasani kwako, mwombe kwanza awaruhusu watoto waseme. Kisha ndipo uulize.