Kava la Njano

Kwenye kikao kile niliongea kuliko wote. Chuo kilituita sisi tunaopangisha wanafunzi Ngamiani, tukakaa kwenye viti vya plastiki chini ya turubai, na mkuu wa usalama wa chuo, mstaafu wa jeshi mwenye sauti ya upole, akatueleza kwamba walinzi wake ni wachache na vichochoro vyetu ni vingi. Akatuomba msaada. Kila likitokea jambo atatutumia tangazo kwenye kundi la simu, na mwenye kujua chochote ampigie. Nikasimama, nikatengeneza mtandio wangu, nikamwambia asiwe na wasiwasi, sisi ndio wazazi wa watoto hawa. Kisha nikawageukia wenzangu nikawasema: mtaa huu una ugonjwa wa kufunga midomo. Nikapigiwa makofi. Nikikumbuka makofi yale natamani ardhi inimeze.

Tangazo la kwanza lilinikuta uani napepeta mchele. Mwanafunzi wa kike alikuwa amenyang'anywa mkoba njiani kuelekea Chumbageni na mwanamume aliyepanda baiskeli. Hakuuachia upesi, akaburutwa, akavunjika mkono. Chini yake yakafuata maelezo ya baiskeli: nyeusi, haina kengele, siti ina kava la kitambaa cha njano lenye nyuzi nyekundu za kuning'inia. Mwenye taarifa anaombwa apige simu.

Kava lile nililishona mimi. Kanga ya marehemu mama ilikuwa imechakaa katikati, nikakata kipande kilichobaki kizima nikamshonea mdogo wangu, kwa sababu siti yake ilichanika na ilikuwa inamharibia suruali. Nyuzi nilizipachika moja moja kwa sindano ya mkono, huku nikimtania kwamba sasa baiskeli yake inaweza kwenda harusini. Ndiye kitinda mimba wetu. Mama alipofariki alikuwa hajaota meno ya ukubwani, mimi ndiye niliyemlea, na hata sasa, mtu mzima mwenye ndevu, alikuwa akija kwangu kila mchana kula. Anaegesha baiskeli barazani, anakula, anaondoka.

Niliusoma ujumbe mpaka mchele ukaliwa na kuku. Kwenye kundi watu walikuwa wameshaanza kuandika pole, Mungu amponye, tuko pamoja. Nami nikaandika: tutakuwa macho.

Asubuhi yake akaingia jirani yangu wa mlango wa pili. Tumekaa naye miaka na miaka, tunaazimana mbuzi ya kukunia nazi na vyungu. Mkononi alikuwa na kitambaa cheusi kilichokunjwa vizuri.

"Shoga, n'nakuletea hiki. Hakina kazi kwangu," akasema. "Kile cha njano kishapauka."

Akaniuliza habari za mguu wangu, akaondoka. Nilibaki nimekaa na kitambaa mapajani, nikaelewa kwamba mtaa mzima ulikuwa umeshaijua ile baiskeli. Wote waliokaa barazani mchana kutwa na kuniona nikimtilia mdogo wangu wali, wote walisoma tangazo, na wote walikuwa wamenisitiri. Hakuna aliyepiga simu. Nililia kwa shukrani, na hilo ndilo ninaloonea aibu kuliko yote. Nilishukuru.

Mchana mdogo wangu alipokuja nikamwekea chakula, nikatoka barazani na wembe, nikalikata lile kava. Alinitazama kupitia mlangoni. Akaendelea kula.

"Iwe mwisho," nikamwambia.

"Mwisho wa nini, dada?"

Nilishona kava jeusi siku ileile, mshono mara mbili ili lidumu.

Wakati huo nilikuwa na mpangaji, binti wa Kishambaa kutoka milimani, anayesomea ualimu. Chumba chake kilitazamana na jiko langu. Jumapili alikuwa akifua huku akiimba nyimbo za kanisani kwao, nami nilikuwa nikimwambia apunguze sauti, ingawa nilipenda kumsikia. Kila alfajiri, shikamoo mama. Tangazo la kwanza alikuja kunisomea kwa hofu, akaniuliza apite njia gani kurudi. Nikamwelekeza. Nikamwambia asiogope, mtaa wetu una watu.

Tangazo la pili lilikuwa lake. Alasiri, jua bado kali, mtu mwenye baiskeli alimvuta begi, akaanguka, kichwa kikagonga ukingo wa mtaro. Maelezo safari hii yalikuwa mafupi: baiskeli nyeusi ya kawaida, haina alama yoyote. Nilisoma yale maneno, haina alama yoyote, nikaiona kazi ya mikono yangu.

Hospitali alinitambua. Alinishika kidole, akataka kusema, maneno yakamkatalia. Daktari alisema huenda yatarudi. Hayakuwa yamerudi baba yake aliposhuka kumchukua.

Mzee yule alikuja na kapu la plamu, matunda ya kwao milimani. Alikuwa mtu mfupi, koti limefungwa vifungo vyote katika joto letu. Alichapishiwa tangazo kwenye karatasi, akaenda nalo nyumba kwa nyumba, na kila baraza liliinuka kumpokea, likampa kiti, likampa chai, likampa pole. Mwisho akaja kwangu. Alivua viatu mlangoni ingawa nilimkataza.

"Asante kwa kunilelea mtoto," akasema. "Alikuwa akikutaja sana. Mama, wewe ni mwenyeji. Nimuulize nani?"

Ulimi ulikuwepo. Ni uleule uliosimama chini ya turubai.

"Tukisikia lolote tutakupigia, baba," nikasema.

Akatoa daftari la binti yake, akaniandikia namba kwa herufi kubwa za mtu asiyeandika mara kwa mara, akachana ukurasa, akanipa kwa mikono miwili. Ninao mpaka leo, na hakuna siku sijaufungua. Sijapiga.

Tulipotoka barazani, mdogo wangu alikuwa ndiyo kwanza anafika kula.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

Mzee aliinama kuvaa viatu. Magoti yalikuwa yanamsumbua, akatafuta pa kuegemea, akaweka kiganja juu ya siti ya baiskeli, pale kwenye kava jeusi. Baiskeli ikayumba. Mdogo wangu akaishika usukani kwa mikono yote miwili, akaikaza isianguke, mpaka mzee alipomaliza kufunga kamba.