Mbaazi Zilizonyauka Mpakani

Mwaka ambao mbaazi zangu zilianza kufa kwa wingi, nilimlaumu dada yangu. Nalisema hili mapema kwa sababu linanitia aibu kuliko hasara yenyewe.

Dada ni mkubwa kwangu kwa miaka sita. Ndoa yake ilipovunjika alirudi nyumbani Sepuka, na baba, aliyekuwa hai wakati huo, akamkatia kipande cha ardhi upande wa chini wa shamba langu. Kati yetu hapakuwa na mfereji wala ua wa maana, ni mstari tu wa minyaa. Mimi nilipanda mbaazi na mahindi palepale, msimu baada ya msimu, maana mbaazi haisumbuki na mchanga wetu wala mvua chache. Yeye alipanda alizeti, na pembeni mistari michache ya mbaazi za kula nyumbani.

Mwezi wa tano, mahindi yakiwa yameshakauka na mbaazi zimeanza kutoa maua, niliona majani ya miti kadhaa karibu na mpaka yamelegea kana kwamba yamekosa maji. Nikadhani ni jua. Wiki iliyofuata yalikuwa ya manjano, na miti mingine ilikuwa imekauka upande mmoja huku upande wa pili bado una maua. Nilichimba mizizi nikitafuta mchwa, sikuwakuta. Hapo ndipo nilipokumbuka dawa ya magugu. Msimu ule dada alikuwa ameazima bomba la kupulizia kwa mara ya kwanza, na mimi mwenyewe nilimwona nalo mgongoni, akipita kando ya minyaa.

Nilikwenda kwake nimeshika mti mkavu mkononi. Alikuwa na mama uani, wanapiga vichwa vya alizeti. Kwetu mtu hampiti mkubwa wake bila kumpa shikamoo, na mimi siku hiyo sikumpa yeyote kati yao.

"Dada," nikasema, "umeliua shamba langu."

Alinijibu taratibu kwamba dawa aliipiga mwezi wa kwanza, kabla hajapanda, na kwamba mbaazi zake mwenyewe zilikuwa karibu zaidi na pale alipopulizia, na zote zilikuwa nzima. Maneno yake yalikuwa na akili. Sikutaka kuyasikia. Nikamwambia mengine mengi, na mojawapo lilihusu ndoa yake. Hilo sitaliandika hapa. Aliinamisha uso akaendelea kupiga alizeti. Mama akasema kwa Kinyaturu, bila kupaza sauti, kwamba niondoke.

Tulikaa karibu miezi miwili bila kusemezana. Tukikutana bombani kuchota maji, aligeuza uso, si kwa hasira, ila kama mtu anayeogopa kupigwa tena. Na mbaazi ziliendelea kufa. Sasa zilikuwa zinakufa hata katikati ya shamba, na kule juu kwenye mawe, mahali ambapo dawa isingefika hata kwa upepo. Niliyaona hayo. Lakini nilikuwa nimeshasema, na kila mti uliokauka mbali na mpaka nilijifanya sikuuona.

Afisa ugani wa kata yetu alikuwa binti mdogo, mgeni katika sehemu zetu. Alipita na pikipiki yake akienda kwa jirani, nikamsimamisha. Alizunguka shamba zima kwanza. Kisha akaniomba kisu, akang'oa mti uliokuwa ndiyo kwanza unalegea, akapasua shina kuanzia mizizini kwenda juu. Chini ya gome kulikuwa na mistari ya kahawia iliyokoza, karibu nyeusi, inapanda juu kama mishipa ya damu. Akapasua na mti mwingine usio na ugonjwa. Ndani ulikuwa mweupe mtupu.

"Baba, huu ni mnyauko," akasema. "Ni fangasi wa ardhini. Anaingia kwenye mizizi, anaziba njia ya maji. Mti unakufa kwa kiu hata kama udongo una unyevu."

Nikamuuliza kama dawa ya magugu inaweza kufanya vile. Akasema dawa ingeunguza majani, isingechora mistari ile ndani ya shina. Halafu akataka kujua nimepanda mbaazi hapo misimu mingapi mfululizo, na miti inayokufa huwa naifanyia nini. Nikamwambia ukweli: shamba sijawahi kulibadilishia zao, na hata msimu uliopita ilikufa michache, nikaiacha ioze humohumo. Hakunisema vibaya. Alieleza tu kwamba fangasi huyo huishi miaka kadhaa kwenye mabaki kama hayo, na hakuna dawa ya kupulizia ya kumtoa. Ning'oe miti yenye ugonjwa pamoja na mizizi na kuichoma palepale, nisibebe hata kuni zake kwenda kwingine, mbegu ya humo nisiitumie, na shamba nilipande mtama au uwele kwa misimu mitatu au minne.

Alasiri ileile nilikwenda kwa dada na vile vipande viwili vya shina. Nilitoa shikamoo nikiwa bado nje. Akaitikia, ila hakunikaribisha. Nikamweleza yote niliyoambiwa. Alivipokea vipande, akapitisha ukucha juu ya ile mistari. Nikamwomba anisamehe.

"Ulinitukana mbele ya mama," akasema. "Twende ukayaseme mbele ya mama."

Tukaenda, yeye mbele, mimi nyuma. Kuyasema mbele ya mama kulikuwa kugumu kuliko nilivyofikiri, kwa sababu ilinibidi nilitaje tena lile neno la ndoa ndipo niliombee msamaha. Dada alilia. Mama aliingia jikoni, akatuletea uji, kila mtu na bakuli lake, akakaa kutuangalia mpaka tukamaliza.

Kesho yake asubuhi dada alikuja shambani na jembe lake bila kuitwa. Tuling'oa kwa siku nne. Mizizi ya mbaazi huenda chini sana, na udongo ulikuwa umeshakuwa mgumu. Tulichoma kila kitu katikati ya shamba, hata miti iliyokuwa bado na maganda mabichi, na hiyo iliniuma kuitupa motoni.

Msimu uliofuata nilipanda mtama. Mwezi wa tano dada akaniita kwake. Mbaazi zake, zile zilizokuwa nzima, zilikuwa zimelegea, na zilizolegea zilifuata njia ileile ambayo maji ya mvua hupita yakitoka kwangu kwenda kwake. Ugonjwa ulikuwa umetoka shambani kwangu. Nilisimama pale nikiyangoja maneno yake, na nilijua nastahili kuambiwa mengi. Yeye alikuwa ameshapasua shina na kuliona. Alininyooshea jembe.

"Anza huku," akasema. "Mimi naanzia kule."

Baada ya kung'oa na kuchoma, tulichimba mfereji na kuinua tuta kando ya minyaa, ili maji ya kwangu yazunguke yaende korongoni.

Siwezi kusema tumeushinda. Baada ya misimu minne ya mtama nilirudisha mbaazi sehemu ndogo tu, kwa mbegu inayovumilia mnyauko ambayo yule binti alitusaidia kuipata. Miti mitatu ilinyauka, nikaing'oa siku ileile. Mingine ilisimama mpaka kuvunwa. Dada alizichambua, akampelekea mama za sufuria ya kwanza. Mama alizipika, akazila zote, kisha akalalamika kwamba mbaazi hizi mpya hazina utamu na zinamaliza kuni. Dada alicheka mpaka akaegemea ukuta. Akamwahidi kwamba safari nyingine atazipikia kwake, kwa kuni zake.