Jagi la Mama Katika Shamba la Shule

Miaka ya vijiji vya ujamaa, nikiwa darasa la sita Kwakoa, mwalimu wetu wa sayansi, kijana wa Tanga, alitupeleka ufukweni mwa Ziwa Jipe kuokota takataka. Kwenye matete tulipata malapa mawili, kipande cha kamba ya nailoni na chupa ya plastiki. Vitu vinne. Nilihesabu tena, vinne.

"Kwetu pwani imeanza kujaa hivi," alisema. "Plastiki haiozi."

Nikamtazama vizuri. Neno hilo nililisikia mnadani Same, kwa mchuuzi aliyemuuzia mama jagi jekundu: "Mali hii haiozi, mama." Yule alikuwa anasifu, huyu analalamika. Mmoja wao ni tapeli, nikawaza, na mwalimu ndiye aliyetaka kila mmoja alete plastiki tukaizike shambani, pamoja na maganda ya ndizi, hadi mwisho wa muhula, tuone kipi kitaoza.

Wenzangu walileta vifuniko na vitana vibovu. Kwetu plastiki ilikuwa moja tu, nikachukua jagi bila kumwambia mama. Shimoni viliingia vitu vya plastiki kumi na viwili, nilihesabu mara mbili. Nikachomeka kijiti changu cha alama, maana cha mwalimu sikukiamini.

"Umeliona jagi?" mama aliuliza.

"Leo sijaliona, mama." Hapo sikudanganya.

Kila asubuhi nilipitia shambani kukagua kijiti. Siku moja mwalimu akanikuta.

"Unalinda nini hapo?"

"Mahindi, Mwalimu."

"Hatujapanda bado."

Siku ya kufukua, maganda hayakuwepo. Plastiki nikahesabu: kumi na tatu. Nikarudia, kumi na tatu. Mwizi wa kuongeza sikuwahi kumsikia. Cha kumi na tatu kilikuwa lapa, na mlinzi wa shule akalitambua. "Langu hili. Lilipotea tukifyeka pori, shule haijajengwa." Akalivaa. Lilimtosha.

Siku hiyo nilimwamini mwalimu, kwa shingo upande.

Nyumbani mama alijaza jagi maji, akangoja livuje. Halikuvuja.

"Lilikuwa wapi?"

"Lilizikwa shambani, mama. Muhula mzima."

"Basi mchuuzi alisema kweli."

"Alisema. Ndiyo ubaya wa plastiki, mama."

Akanituma nikakate fimbo. Nikaleta nyembamba. Akanirudisha.