Hodi Kabla ya Namba Tisa

Chumba chetu kina mlango mmoja na kazi mbili. Penye dirisha nashona mimi. Penye ukuta anachapa Bibi Chapa, mwanamke wa miaka sitini na mbili aliyeanza ukarani enzi za mashine za utepe wa wino. Bintiye, fundi wa kompyuta, alipomletea kompyuta, mama alilalamika wiki nzima kwamba haina kelele. Mtu atajuaje kama anafanya kazi?

Tabia moja hakuiacha. Kwenye mashine ya zamani, herufi ikishagonga karatasi imekaa. Kwa hiyo Bibi Chapa hahifadhi kazi mpaka aimalize, kana kwamba anangoja kuchomoa karatasi. Ukimkumbusha, anakuambia ushone.

Kila mchana huja mkunga mstaafu, macho yake yamekwisha, amsimulie Bibi Chapa, naye achape, kitabu cha wakunga wanaoanza kazi. Ana miaka arobaini ya kupokea watoto na hataki kuondoka nayo. Mwezi uliopita kompyuta iliganda, nami kwa ujuaji wangu nikachomoa waya ukutani, kama nilivyozoea. Ikapotea sura nzima: mtoto wa kwanza aliyempokea peke yake, usiku wa mvua, taa imezimika. Mkunga alisema tu, "Hayo hayatoki mdomoni mara mbili." Bora angenitukana.

Jumapili yake binti akaja kumfundisha mama yake njia nyingine. Bibi Chapa akaiandika daftarini kwa mwandiko wa ofisini: *Kwanza hodi. Isipoitika, namba tisa. Namba tisa ni kuvunja mlango.*

Jumanne ikaganda tena. Walikuwa wamefanya kazi saa tatu mfululizo, habari za mtoto anayetanguliza miguu, ndipo akaingia dereva wa lori akitaka picha za leseni. Bibi Chapa akafungua programu ya picha, na kila kitu kikasimama. Kipanya hakisogei.

"Imekwama?" mkunga akauliza, maana vitufe vilinyamaza.

"Imekwama."

"Ulikuwa umehifadhi?"

Bibi Chapa akaanza kutafuta miwani.

"Si mchomoe waya tu?" dereva akasema. Nami, mazoea yana taabu, mkono wangu ulishafika ukutani.

"Fundi," Bibi Chapa akaniambia bila kugeuka, "ukigusa huo waya, kesho utashonea barabarani."

Akavaa miwani, akafungua daftari, akabonyeza vitufe vitatu kwa pamoja. Kioo kikawa cheusi tii. Nikajua tumekwisha. Yeye akaandika jina lake na neno la siri, kisha amri moja, na orodha ndefu ya maandishi meupe ikashuka, kila programu na namba yake.

"Unafanya nini sasa?" mkunga akauliza.

"Natafuta namba ya programu ya picha niifunge peke yake. Ya maandishi nisiiguse."

"Na hiyo amri inaitwaje?"

"Maana yake 'ua'."

"Mh. Mimi hiyo nilikatazwa kazini."

Bibi Chapa akaifuata ile namba kwa kidole, mara mbili, ndipo akapiga hodi: akaandika amri na namba hiyo, kuiomba programu ijifunge yenyewe. Tukangoja. Dereva akasonya.

"Mtoto akikwama, baba," mkunga akamwambia, "anayekimbilia kuvuta ni mjinga. Kaa."

Dereva akakaa. Dakika nzima ikapita, programu ya picha haikuitika. Bibi Chapa akashusha pumzi, akarudia amri, safari hii na namba tisa, kisha akarudi kwenye kioo cha kawaida. Programu ya picha ilikuwa imeondoka. Nyuma yake maandishi yalikuwa palepale, mstari kwa mstari. Akahifadhi mara tatu.

"Nisomee nilipoishia," mkunga akasema.

"'Miguu ikitangulia, usivute. Mpe mama muda, na wewe jipe.'" Bibi Chapa alisoma akitabasamu. Alikuwa na furaha, na hakuificha.

Mkunga aliweka mikono mapajani. Nikarudi kushona, nikidhani amechoka na ataomba fimbo yake aende nyumbani.

"Fungua ukurasa mpya," akasema. "Usiku ule mvua ilikuwa inanyesha, na taa ilikuwa imezimika."

Nikasimamisha cherehani.