Koti la Dawa ya Ng'ombe

Juzi posta hapa Eldoret nilisimama kando ya mzee mmoja aliyevaa koti linalonuka dawa ya kuogesha ng'ombe. Karani, mama wa makamo, alimwangalia mara moja tu akarudisha kiti nyuma.

"Mzee, mbona unanitazama kwa ukali hivyo? Nimekukosea?"

"Hapana, mama. Nataka kutuma telegramu kwa kijana wangu. Mama yake amezidiwa. Nimetoka kuogesha ng'ombe, nikaja mbio."

"Na bado unanikazia macho!"

Mzee alinusa mkono wa koti lake. Alitoka, akavua koti, akaliacha nje, akarudi na shati tu, akitetemeka kwa baridi. Karani akamwangalia tena, safari hii polepole.

"Pole sana, mzee. Kumbe uko na uso wa upole. Sema, nikuandikie."

Telegramu ikaenda. Uso wa mzee haukuwa umebadilika hata kidogo. Ulikuwa uso wa mume mwenye hofu tangu alipoingia. Ningemcheka karani, lakini koti lilipokuwa bado ndani, mimi nami niliukumbatia mkoba wangu kwa nguvu, nikiamini nimesimama karibu na mtu mbaya.